Tumepanga bei moja ya kusaga, sasa naambiwa ni jela. Tuombe msamaha?

katibu_kinu: Wadau habari za jioni. Mimi ni katibu wa chama cha wenye posho mill, tuko 14 mji mmoja huku Trans Nzoia. Stima imepanda, mota zinaungua, na kuna mtu anasaga kwa bei ya hasara kuvuta wateja, so mwezi jana tukakaa tukakubaliana bei moja kwa gorogoro (kopo la kupimia mahindi), atakayeshusha analipa faini. Nikaandika minits vizuri na kila mtu akatia sahihi. Sasa mpwa wangu anasomea sheria, ameziona akashika kichwa. Mwenyekiti anasema tuombe msamaha wa sheria ya ushindani, yaani ruhusa ya kuendelea bila sheria kutubana, eti kazi yetu ni chakula cha watu na sisi ni wadogo. Tutapewa?

wakili_mtaani: Sheria ya Ushindani ya Kenya ya 2010, kifungu cha 21. Kupanga bei ni jela mpaka miaka 5 au faini mpaka milioni 10 au zote. Na hizo minits na sahihi 14 mkuu, umemwandalia mpelelezi chai na mandazi. Msamaha upo, kifungu cha 25, unaomba kwa Mamlaka ya Ushindani, ila wanataka kujua kama itasaidia kuuza nje, au kuzuia uzalishaji usishuke, au kuendeleza sekta, ama mwananchi atapata faida kushinda anachopoteza. Sasa mwananchi wenu anapata nini?

katibu_kinu: Anapata posho mill ambayo haijafungwa 😅

mama_watatu: Mwananchi ndio mimi. Nabeba gorogoro tatu kichwani napita vinu viwili mpaka kwa yule wa bei ya chini kwa sababu ya shilingi tano. Mkimpiga faini yeye nyinyi mmepona, mimi je?

mkulima_halisi: Msamaha si kitu kibaya lakini. Marekani tangu 1922 wakulima wanaruhusiwa kuuza pamoja, mmoja mmoja wangemezwa na wanunuzi, na wakipandisha bei kupita kiasi waziri wa kilimo anaweza kuwaingilia. Angalia nani amekaa upande wa pili wa meza. Wale wanakabana na makampuni, nyinyi mnakabana na mama wa gorogoro.

kijana_wa_bandari: Na ukipewa si wa milele. Kampuni za meli Ulaya ziliruhusiwa miaka mingi kupanga bei ya mizigo pamoja, ruhusa ikaondolewa Oktoba 2008. Wakabaki na ruhusa ya kushea meli tu, bei kila mtu yake, nayo ikaachwa ikaisha 25 Aprili 2024. Hao wana mawakili ghorofa nzima, nyinyi mna mpwa.

wakili_mtaani: 😂 Katibu, iteni kikao mvunje hiyo bei na faini, uandike. Zile minits za kwanza usichome, hiyo ni kesi nyingine. Kama shida ni gharama, pelekeni ombi la kununua spea na kulipa fundi pamoja, bei ya kusaga kila mtu abaki na yake. Hapo angalau mna kitu cha kueleza.

katibu_kinu: Sawa wakili nimeelewa. Sasa kuna mmoja ashalipa faini juzi, anataka pesa yake.

mama_watatu: Ni yule wa chini?

katibu_kinu: Ndio yeye.

mama_watatu: Mrudishieni kesho asubuhi, nitapita hapo kuuliza.