Marefa wa kikapu, shabiki akianza fujo mnafanyaje? Tupeane uzoefu

Filimbi:
Wakuu habari zenu. Viwanja vyetu hivi vya wazi shabiki anaweka kiti karibu na mstari kabisa, ukipuliza faulo anakuongelea sikioni. Mi kelele za kawaida nakausha, ila akianza matusi ya mzazi au kurusha chupa nasimamisha saa naenda kwa kamishna na mwenyeji wa mchezo, sio kwa yule mtu. Nyie je?

Refa wa Kitaa:
Umenena mkuu. Madogo wengi wanamfuata shabiki, ukishamnyooshea kidole tu umempa shoo jukwaa zima linasimama. Kuna fainali moja ya mtaani kota ya nne, yaani robo ya mwisho, jamaa kalewa anaingia uwanjani kila tukipuliza, tukaenda marefa wote watatu kwenye meza ya waandishi, timu zikakaa benchi, kamishna akatangaza mpira hauendelei mpaka huyu atoke. Unajua waliomtoa? Mashabiki wenzake haohao 😂

Mama Skoa:
Na sisi wa mezani mtukumbuke jamani. Tunaandika skoshiti, ile karatasi ya pointi na faulo, mtu anakuinamia mgongoni anataka ahesabu faulo za mchezaji wake! Siku hizi kabla mechi haijaanza nataka nyuma yetu pawe wazi, viti vya watu visogezwe, hawataki basi tunasubiriana. Refa akiona tunasumbuliwa asimamishe, asingoje tukosee ndo aje kutufokea.

Mkenya Minneapolis:
Huku Minnesota napuliza mechi za sekondari. Sheria zao ziko wazi, kutuliza mashabiki ni kazi ya shule mwenyeji na kuna mtu wa hiyo kazi, mimi nikifika tu namtafuta nijue atakaa wapi, mambo yakichacha namwonyesha shabiki ni yupi narudi kupuliza. Sheria inaturuhusu kuipa timu teknikal, yaani faulo ya utovu wa nidhamu, kwa fujo za mashabiki wake ila wanasisitiza busara, na mimi hata sipendi kuigusa, unaadhibu watoto kwa mdomo wa baba mtu, halafu una hakika gani huyo anashabikia timu gani? Wazazi ndio wabaya kuliko wanafunzi, wacha tu.

Filimbi:
@Mkenya kwa sheria hizi zetu za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, teknikal ni ya wachezaji na benchi, shabiki hayumo. Ila kocha akiwachochea huyo ni halali yako.

Kota ya Nne:
Ile vurugu ya NBA kule Detroit, Marekani, 19 Novemba 2004, Pistons wenyeji na Indiana Pacers, mnaikumbuka? Pacers wako mbele 97-82, zimebaki sekunde 45.9, mechi imeshaisha kabisa. Ben Wallace wa Pistons akamsukuma Ron Artest wa Pacers, wakavutana weee, Artest akaenda kujilaza juu ya meza, kikombe cha kinywaji kikatoka jukwaani kikampata akaparamia watu kwenye viti. Marefa wakamaliza mechi palepale, Artest akafungiwa msimu wote uliobaki. Mi naona kasheshe ililelewa na ule muda wa kuvutana, mchezaji ana hasira unamwachaje alale pale karibu na watu? Benchi haraka, ndo mengine yafuate.

Dogo Firimbi:
Wakubwa na mkimaliza mnatokaje? Mi ndo napata shida hapo

Refa wa Kitaa:
Wote watatu kwa pamoja dogo, skoshiti ikishasainiwa hakuna kusimama kujadili faulo na mtu. Ripoti andika usiku uleule, yale uliyoyaona tu. Na viatu kabadilishie kwenye gari 😂