Ushauri: Kila idara imemaliza kazi yake, mteja bado anasubiri mafuta

Wakuu, habari za mchana. Nasimamia kiwanda kidogo cha kukamua alizeti, Kizota, hapa Dodoma. Wiki iliyopita mteja wa Iringa aliagiza madumu 60 ya lita 20. Mafuta yalikuwepo, yakakaa siku nne yakisubiri mhuri wa mhasibu. Mhasibu alikuwa anasubiri karatasi ya stoo, karatasi ikawa kwenye droo ya mlinzi. Mteja akanunua kwingine. Nilipouliza, kila mkuu wa idara alinionyesha daftari lake, na kweli limekamilika. Bosi anataka tuongeze msimamizi. Roho yangu inakataa. Nani amewahi kuongoza kazi kwa kufuata mchakato badala ya idara? Nianzie wapi?

#2
Mkuu, ukiongeza msimamizi umeongeza sahihi nyingine. Chukua oda moja, ifuate kwa miguu tangu simu ya mteja mpaka gari linatoka getini. Andika saa iliyofika kila meza na saa iliyoondoka. Sisi kwenye kinu chetu cha unga Kibaigwa tulikuta kusaga kunachukua saa tatu, kusubiri siku mbili. Vijana wanajituma sana, kilicholala ni makaratasi.

#3
Naunga mkono #2. Hata ISO 9001, kile kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora, ilipotoka upya mwaka 2000 ilijengwa juu ya mchakato, si juu ya rundo la taratibu za kila ofisi. Ila usikimbilie cheti sasa. Mpe mtu mmoja oda nzima, kuanzia simu mpaka malipo, na mpe mamlaka ya kuingia idara zote. Bila mamlaka utamtesa bure.

#4
Angalia pia mnawapima wafanyakazi kwa kigezo gani. Mtu wa stoo akikatwa mshahara kwa upotevu, hatatoa dumu mpaka karatasi zote zitimie. Hata mimi nisingetoa. Wapimeni wote kwa kitu kimoja: siku ngapi toka oda mpaka kupakia.

#5 (mleta uzi)
Asanteni sana wakuu. Leo nimefuata oda ya madumu 15. Simu saa 2:10 asubuhi, stoo wamethibitisha mzigo saa 2:40. Kisha kimya mpaka saa 9 alasiri: mhasibu alikuwa benki, mhuri uko kwenye mkoba wake. Dada wa mauzo amekubali kuzibeba oda zote mpaka malipo. Kesho naingia kwa bosi na karatasi hii ya saa, na ombi la mhuri kubaki ofisini.