Mtoto ana mkopo wa elimu ya juu, chuo kinakataa kumsajili hadi tulipe nusu ya ada taslimu. Mkopo huo ni wa nani?

Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu nyote. Ninaandika uzi huu nikiwa na hasira, na naomba mnisome hadi mwisho, kwa sababu najua humu ndani wapo wazazi na walezi waliosimama mbele ya dirisha lile lile nililosimama mimi.

Mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, ambaye nimemlea tangu akiwa darasa la tano, alimaliza kidato cha sita mchepuo wa CBG (kemia, baiolojia na jiografia) akapata daraja la pili. Aliomba shahada ya ualimu wa sayansi, akadahiliwa. Aliomba mkopo, akapangiwa asilimia 60 ya ada pamoja na fedha ya chakula na malazi. Mtu akiyasikia hayo atasema mtoto huyu amefanikiwa, na sisi nyumbani tulisema hivyo hivyo, shangazi zake wakapiga vigelegele. Leo ni wiki ya tatu tangu masomo yaanze, na jina lake halimo katika orodha ya wanafunzi wa chuo hicho.

Nieleze hesabu yenyewe, maana ndiyo kiini cha malalamiko yangu. Ada ya mwaka ni shilingi 1,300,000. Mkopo unabeba 780,000, kwa hiyo sehemu ya familia ni 520,000. Mimi nilipiga hesabu kama mtu yeyote mwenye akili timamu: muhula wa kwanza tunadaiwa nusu ya sehemu yetu, yaani 260,000, na juu yake michango iliyoorodheshwa kwenye fomu ya kujiunga, ikiwamo bima ya afya 50,400 na ile 20,000 ya udhibiti wa ubora, ambayo jumla yake ilifika 140,400. Nikakusanya 450,000 ili zibaki za godoro na ndoo, tukapanda basi la usiku.

Foleni ya uhasibu ilianza saa kumi na mbili asubuhi, na sisi tulifika dirishani karibu saa saba mchana. Juu ya kioo palikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa selotepu, pembe zimeanza kujikunja, imeandikwa kwamba hakuna usajili bila asilimia 50 ya ada yote. Nikamwonyesha mhasibu uthibitisho wa mkopo wa mtoto. Akasema, bila kuinua macho, kwamba mkopo haujaingia kwenye akaunti ya chuo, na chuo hakisajili kwa ahadi. Nikamuuliza utaingia lini. Akajibu kwamba fedha ya ada hulipwa kwa mwanafunzi aliyesajiliwa na kusaini. Nikamwambia, basi msajilini ili asaini. Akanyoosha kidole kwenye ile karatasi.

Naomba hapo mtulie kidogo. Mkopo haulipwi mpaka mtoto asajiliwe, na mtoto hasajiliwi mpaka ada ilipwe, ilhali mkopo ulitolewa kwa sababu ada haipo. Walitaka 650,000 za ada na 140,400 za michango, jumla 790,400, na mimi mkononi nilikuwa na 450,000. Mpwa wangu alikuwa amesimama pembeni yangu ameikumbatia bahasha yake ya kaki yenye vyeti, na aliposikia kiasi kile aliniambia kwa sauti ya chini, "Mjomba, turudi tu nyumbani." Mtoto aliyesoma kwa kibatari mpaka akapata daraja la pili ananiambia turudi nyumbani kwa sababu ya karatasi ya selotepu.

Mhasibu alitaka kunituliza kwa kusema kwamba mkopo ukiingia, ile ziada tutakayokuwa tumelipa itahesabiwa kwenye muhula wa pili. Maana yake ni kwamba mlezi anakikopesha chuo kwa miezi kadhaa, bila riba, fedha ambazo hana na ambazo itabidi yeye mwenyewe akazikope mtaani. Na wote tunajua mtaani kuna mikopo gani. Wakopeshaji wa riba kubwa, wale wa kausha damu, hawaulizi cheti cha kuzaliwa wala cha kifo, wanauliza kadi yako ya benki na namba yako ya siri.

Nimetaja vyeti, na hapo nako sina budi kusema, kwa sababu safari ya kufika kwenye dirisha lile ilikuwa imeshatukausha. Ili mtoto aonekane yatima mbele ya mfumo, lazima awe na cheti cha kifo cha mzazi, kisha kihakikiwe. Dada yangu alifariki kijijini, tukamzika siku ya pili yake, na katika msiba ule hakuna aliyewaza kwamba miaka minane baadaye tungehitaji karatasi ya kuthibitisha kilio chetu. Nilitumia siku nne na nauli za kwenda na kurudi wilayani, nikatafuta barua ya mtendaji wa kijiji, nikatafuta mashahidi waliohudhuria mazishi, ndipo cheti kikapatikana. Baada ya hapo ikagundulika kwamba jina la baba yake kwenye cheti cha kuzaliwa limeandikwa Athumani na kwenye vyeti vya shule limeandikwa Athuman. Herufi i moja, ambayo mtu fulani aliiacha shuleni wakati wa kusajili watahiniwa, ilitupeleka kwa wakili kula kiapo cha majina, na wakili hafanyi kazi ya bure. Ongezeni ada ya kuomba mkopo 30,000, muhuri wa serikali ya mtaa, picha, nakala na uhakiki, mtaona kwamba fukara anatakiwa awe na fedha za kutosha ili ufukara wake ukubalike.

Sipingi uhakiki. Najua wapo watu wenye maduka na magari waliowaombea watoto wao mikopo kwa vyeti vya kughushi, na walipaswa kuzuiwa. Ninachopinga ni mzigo wote wa uthibitisho kumwangukia aliye chini kabisa, halafu akishathibitisha kila kitu, akaaminiwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu Tanzania, taasisi iliyoundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 kwa kazi hiyo hiyo ya kumpima mhitaji, anakutana na mhasibu wa chuo anayekataa kuuamini uamuzi huo.

Upande wa udahili nao una maumivu yake. Tangu mwaka 2017, pale utaratibu wa kuomba vyuo kupitia mfumo mmoja wa pamoja ulipoachwa, mwanafunzi wa shahada anaomba moja kwa moja kwenye kila chuo na kulipa ada ya maombi kila mahali. Sisi tuliomba vyuo vitatu, 10,000 kila kimoja. Kijijini kwetu mtandao ni wa kubahatisha, kwa hiyo binti alikwenda mjini kwenye steshenari, na kijana wa pale, kwa haraka ya wateja wengi, akamjazia fomu kwa namba yake mwenyewe ya simu na barua pepe yake mwenyewe. Binti akadahiliwa vyuo viwili. Aliyedahiliwa zaidi ya chuo kimoja hutumiwa namba maalumu ya kuthibitisha chuo anachokichagua, na ana siku chache tu za kufanya hivyo. Namba ile ikaenda kwenye simu ya kijana wa steshenari. Tulimtafuta siku mbili, simu imezimwa. Alipopatikana akaomba "ya soda", na soda yake ilikuwa shilingi 20,000. Nililipa. Siku ile nilijiambia kwamba hilo ndilo dhuluma la mwisho, kumbe bado.

Wengine mtaniuliza, mwalimu mzima unashindwaje kumalizia laki tatu na arobaini? Niwajibu. Mimi mwenyewe nilisoma shahada kwa mkopo, na ninaurejesha kila mwezi. Mkataba niliousaini chuoni ulikuwa wa makato ya asilimia 8 ya mshahara. Sheria ikabadilishwa mwaka 2016 ikawa asilimia 15, na sisi tuliosaini kwa masharti ya zamani tukaingizwa humo humo. Ile tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021, na nilishukuru kwa dhati. Lakini baada ya makato, kodi, mchango wa hifadhi ya jamii na watoto wangu watatu, kinachobaki kinajulikana. Sichukii kurejesha. Kila mwezi ninapoiona ile asilimia 15 kwenye hati yangu ya mshahara najiambia kwamba fedha hii inamsomesha mtoto wa mtu mwingine kama mimi nilivyosomeshwa. Sasa mtoto huyo ndiye mpwa wangu, fedha yake imeshapangwa, na amezuiwa mlangoni.

Kwa sasa analala chumba kimoja na wasichana wawili wa mwaka wa pili waliomhurumia, godoro chini, na anaingia darasani kwa kujibanza viti vya nyuma kwa sababu mahudhurio yakiitwa jina lake halisomwi. Fedha ya kujikimu, ile tunayoiita bumu, shilingi 10,000 kwa siku, wenzake walishaisaini wiki iliyopita. Yeye hakusaini, kwa kuwa hajasajiliwa. Anakula mara moja kwa siku, na hilo sikuambiwa na yeye, niliambiwa na mmoja wa wale wasichana kwa simu.

Ninachodai si hisani. Chuo kinaweza kumsajili mwanafunzi mwenye mkopo kwa kumdai sehemu ya familia peke yake, kikaandika ile iliyobaki kama deni la mfuko wa mkopo, kwa sababu orodha ya waliopangiwa kila chuo inafahamika na kiasi cha kila mmoja kinafahamika. Rafiki yangu ana mtoto katika chuo kingine ambako ndivyo walivyofanya: alilipa sehemu yake asubuhi, mchana mtoto akapewa namba ya usajili. Kama chuo kimoja kinaweza, hiki kingine kinashindwa nini, na kwa nini kila chuo kiachiwe kujiamulia jambo linaloweza kumfukuzisha mtoto shule? Naomba kuwe na agizo moja la maandishi linalovibana vyuo vyote, vya umma na vya binafsi, na libandikwe pale pale ilipobandikwa ile karatasi ya selotepu.

Jina la chuo sitaliandika, kwa kuwa binti bado yuko mikononi mwao na ninaogopa kumponza. Dirisha la usajili linafungwa Ijumaa hii saa tisa na nusu alasiri. Nimeshaandika barua kwa mkuu wa chuo na nakala kwa mlezi wa wanafunzi, nimegongewa muhuri wa kupokelewa, sijajibiwa. Yeyote humu aliyewahi kukwamuliwa katika hali kama hii, au anayefanya kazi uhasibu wa chuo chochote na anajua ni kifungu gani au afisa wa cheo gani anayeweza kuruhusu usajili kwa sehemu ya familia peke yake, tafadhali aniandikie hapa chini kabla ya Alhamisi jioni, kwa sababu basi la kwenda huko linaondoka saa mbili usiku na nimeshakata tiketi.