Ratiba ya tasnifu kwa mwalimu aliye kazini

Mwalimu wa Zamu: Habari zenu, wanajukwaa. Ninafundisha sekondari huku nikiandika tasnifu ya shahada ya umahiri. Kila Jumapili jioni ninapanga wiki saa kwa saa, lakini ikifika Jumatano zamu, vikao, madaftari ya kusahihisha na masomo ya ziada ya kidato cha nne vimekwisha kumeza ratiba yote, na sura ya tatu haijaongezeka hata aya moja. Nipangeje ratiba inayotekelezeka bila kuomba likizo?

Kalamu Nyeusi: Pole kwa majukumu, Mwalimu. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwamba mtu hukadiria muda wa kazi kana kwamba kila kitu kitakwenda sawa, asiangalie kazi za aina hiyo zilichukua muda gani huko nyuma. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, wanafunzi wa saikolojia waliokuwa wakimalizia tasnifu walikadiria kwa wastani siku 34 hivi, wakatumia zaidi ya 55. Kwa hiyo, kabla ya kupanga, hesabu kurasa ulizoandika kweli mwezi uliopita, uanzie hapo hata kama ni chache za kutia aibu.

Mama Wawili: Naafiki, ila makadirio hayasaidii ikiwa tasnifu inapewa masalia ya siku. Ushauri wa kuamka saa kumi alfajiri (hutolewa zaidi na watu wanaoandaliwa chai) haunifai mimi mwenye watoto wadogo. Jumanne na Alhamisi, kengele ya mwisho ikishalia, ninabaki kwenye chumba cha maabara, simu nimeiacha ofisini, naandika hadi saa kumi na mbili jioni. Vipindi hivyo haviguswi. Yanayosubiri ni madaftari. Hayo masomo ya ziada, Mwalimu, ni wajibu wako au ni ya kujiongezea kipato?

Mwalimu wa Zamu: Ni ya kipato, dada, na ndiyo yanayolipa ada ya chuo, hivyo siwezi kuyaacha yote. Ya Jumamosi nitamwachia mwenzangu hadi likizo ya Juni, asubuhi hiyo iwe ya sura ya tatu pekee.

Kalamu Nyeusi: Vema. Basi kibali cha kukusanya data kiombe sasa, kwa sababu muda wa kukisubiri hauko mikononi mwako.