Kazi ya mbinu za usimulizi: nichukue Kinjeketile, Nairobi Half Life au Vuta N'kuvute?

mwanasanaa_mwaka2
Wakuu habari za humu ndani. Niko mwaka wa pili chuo, tumepewa kazi ya kurasa kumi, uchambue mbinu za usimulizi kwenye filamu au tamthilia, ukitaka mbili ruksa ila uzilinganishe. Nimebakiza tatu na kila nikiamka asubuhi nimeshabadilisha mawazo. Ya kwanza Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tamthilia ya 1969, hii nimeisoma tangu sekondari naijua. Ya pili Nairobi Half Life ya 2012, muvi ya Kenya, nimeiangalia mara tatu na bado naipenda. Ya tatu Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ile iliyotoka 2021 kutokana na riwaya ya Adam Shafi, hii nzuri sana kwa macho lakini nikishika kalamu sijui nianzie wapi.

Tatizo langu kubwa ni kwamba kazi iliyopita nilirudishiwa. Nilitaja taharuki, mbinu rejeshi, kejeli, tashbiha, kila moja na mfano wake kama tulivyofundishwa kidato cha nne, mwalimu akaandika pembeni "hii ni orodha, uchambuzi uko wapi". Iliniuma kwa sababu nilikesha. Sasa sitaki kurudia, naomba mnisaidie nichague ipi na niishikeje.

Karakana
Mimi niko Nairobi kwa hivyo utasema navutia kwetu, lakini chukua Nairobi Half Life bila kufikiria mara mbili. Hiyo muvi inajieleza yenyewe. Angalia tu mwanzo, Mwas, mhusika mkuu, yuko kijijini anauza muvi, halafu haziuzi kwa mdomo mtupu, anaziigiza, anarukaruka mbele ya watu anatoa sauti za wahusika wote. Dakika chache tu na ushajua ndoto yake, kipaji chake na umaskini wake, na hakuna mtu amesimama akasema "huyu ni kijana mwenye ndoto". Halafu akifika Nairobi anaporwa kila kitu siku hiyo hiyo, anaishia seli, na huko seli ndio anakutana na Oti, kiongozi wa genge la wezi, anajiunga nalo huku bado anatafuta nafasi ya kuigiza jukwaani. Yaani kila jambo linazaa lingine, huwezi kung'oa sini moja muvi ikabaki imesimama. Na lugha pia, Kikuyu, Kiswahili, Sheng, Kiingereza, inabadilika kulingana na anaongea na nani, hiyo peke yake ni kurasa mbili.

Mwl_Mstaafu
Mwanangu pole kwa kurudishiwa kazi, ila mwalimu wako amekutendea haki. Nimefundisha fasihi miaka mingi na makosa ni yale yale, mwanafunzi anajua jina la mbinu kabla hajaona mbinu inafanya nini. Ni sawa na mtu anayejua majina ya dawa zote hajui mgonjwa anaumwa nini.

Mimi nakushauri Kinjeketile. Inahusu vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, ambapo Kinjeketile aliwapa watu maji ya kuwakinga na risasi. Vilianza 1905, vikaisha 1907, na kila aliyekaa darasani hapa Tanzania anajua maji hayakuzuia risasi. Sasa jiulize, mwandishi anaandikaje tamthilia ambayo mwisho wake unajulikana hata kabla pazia halijafunguliwa? Taharuki anaitoa wapi? Hilo swali ukilijibu vizuri kurasa kumi hazitoshi.

mwanasanaa_mwaka2
Shikamoo mwalimu, ahsante sana. Hilo swali sijawahi kulifikiria hivyo. Nilikuwa naona kwa vile tunajua mwisho basi taharuki haipo.

Mwl_Mstaafu
Marahaba. Ipo, ila imehama mahali. Hatuulizi tena "nini kitatokea", tunauliza "huyu mtu atalibebaje neno alilolitoa". Kumbuka Kinjeketile akiwa amepandwa na pepo anatamka kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, halafu akizinduka akayatafakari anashtuka, maana yake si ni kumtoa mtawala mmoja kumuweka mwingine? Hapo anaanza kutilia shaka kama hilo neno lilikuwa lake au aliwekewa mdomoni. Lakini watu wameshalishika. Sisi watazamaji tunajua, yeye anaanza kujua, umma haujui. Ngazi tatu za kujua ndani ya sini moja.

Binti Makunduchi
Nyote mnaongea vizuri ila mnaikimbia Vuta N'kuvute na mimi siikubali hiyo 😊 Mtoa mada kasema mwenyewe hajui aanzie wapi, basi hapo hapo ndipo pa kuanzia! Kwenye riwaya Adam Shafi anakupeleka mpaka ndani ya moyo wa Yasmin, yule binti mhusika mkuu, unajua anamuonaje yule mzee aliyeozwa kwake, unajua anamuogopa nani na lini anaanza kumpenda Denge, kijana anayepigania uhuru. Kwenye filamu yote hayo yamefungwa. Unamuona Yasmin ananyamaza, unaona vichochoro, unaona mwanga unaingia dirishani, unaona wanaangaliana na Denge, na hakuna sauti inayokwambia anawaza nini. Mwanzo nilikasirika kusema kweli maana riwaya naipenda sana, nikaona wameipunguza. Nilivyoirudia nikaelewa kwamba ule ukimya ndio Zanzibar ya miaka ya hamsini chini ya Mwingereza, mtu hasemi kila kitu kwa sababu hajui nani anasikiliza.

Kwa hiyo kama una riwaya na filamu mkononi una kitu ambacho hizo nyingine mbili hazikupi, hadithi moja kwa njia mbili za kusimulia.

Karakana
Dada hapo umenena, lakini kurasa kumi na riwaya yote ile ataweza kweli? Atamaliza semista akiwa bado anaeleza nani ni nani.

Binti Makunduchi
Nani kasema aichukue yote. Achukue tukio moja, Yasmin na rafiki yake Mwajuma mathalan, alisome kwenye riwaya halafu aliangalie kwenye filamu. Basi.

jukwaa_la_nyuma
Naingia kidogo, mimi si mwanafunzi, nafanya kazi za jukwaani miaka kadhaa sasa, taa na vifaa. Nimesoma mlivyoandika wote na naona mnaongea jambo moja bila kulitaja. Mwalimu kasema ngazi za kujua. Tuliendeleze hilo.

Kinjeketile, mtazamaji anajua kuliko wote waliopo jukwaani. Nairobi Half Life, karibu kila sini Mwas yumo, sisi tunajua anachojua yeye, ila wenzake wa kwenye tamthilia hawajui kuhusu genge na genge hawamjui yule Mwas wa jukwaani, kwa hiyo siri tunaibeba pamoja naye na ndio maana tunatoka jasho. Vuta N'kuvute ya kwenye filamu, mtazamaji anajua pungufu kuliko mhusika, Yasmin anajua moyo wake sisi tunabahatisha. Kazi tatu, mtazamaji kawekwa sehemu tatu tofauti. Usianze na jina la mbinu, anza na "hapa mimi najua nini na yeye anajua nini", halafu uangalie mwandishi au muongozaji kafanya nini mpaka ukawekwa hapo ulipo. Jina la mbinu litakuja lenyewe baadaye, na likija litakuwa na kazi ya kufanya.

Na kitu kingine watu wa kusoma mnakisahau, tamthilia haijaisha kwenye karatasi. Pale Kinjeketile anapovutwa mpaka majini halafu watu wanangoja, jukwaani huwezi kuonyesha chini ya maji kuna nini. Filamu ingepata tamaa ya kutuonyesha. Jukwaani tunabaki na wanaongoja, nyuso zao na maneno yao, na ndio maana tukio linakuwa zito.

Karakana
Mkuu hii ya kujua nani zaidi nimeipenda. Lakini swali, je mtazamaji asiyejua Majimaji? Mtoto wangu wa darasa la sita hapa Nairobi hajui kitu kuhusu hivyo vita. Kwake hiyo mbinu si inakufa?

Mwl_Mstaafu
Swali zuri sana. Haifi, kwa sababu Hussein hakuitegemea historia peke yake. Kamuweka Kitunda, mtu wa kufunza wapiganaji, mwenye kutaka mazoezi na mpangilio, si maji matupu. Na Kinjeketile mwenyewe anawaambia wangoje mpaka awaruhusu, wao hawangoji. Hata mtoto wako atahisi mambo hayaendi sawa kabla risasi ya kwanza. Anayejua historia anaumia mapema, asiyeijua anaumia baadaye. Na ule mwisho gerezani, pale anapotakiwa aseme maji yalikuwa uongo naye anakataa, unawakuta wote wawili.

mwanasanaa_mwaka2
Wakuu mmenifungua sana. Nimeamua, nachukua Kinjeketile na Nairobi Half Life, nalinganisha mtazamaji amewekwa wapi. Binti Makunduchi usinikasirikie, Vuta N'kuvute naiweka kwa kazi ya mwisho mwaka wa tatu, maana nataka niipe muda wake na riwaya niirudie yote.

Nimejaribu aya ya kwanza sasa hivi, mniambie kama bado ni orodha:

"Kinjeketile tunamsikia kabla ya kumuona. Mkewe anaongea na Bibi Bobali kuhusu njaa na kuhusu mume anayejifungia ndani, na sisi tunamjenga kichwani kutokana na wasiwasi wa mwanamke huyu. Mwas kwa upande wake tunamuona mara moja, anacheka, anaigiza, amejianika mbele ya wateja wake. Mmoja amefichwa, mwingine amewekwa wazi, na kadiri hadithi zinavyoendelea yule wa kwanza anazidi kuonekana na yule wa pili anazidi kujificha."

Binti Makunduchi
Sikasiriki mdogo wangu, ila mwaka wa tatu nitakutafuta 😄 Hiyo aya ni nzuri, hiyo sentensi ya mwisho ndio kazi yako nzima ilivyo.

jukwaa_la_nyuma
Orodha haipo hapo. Marekebisho mawili tu. Weka onyesho na ukurasa kwenye tamthilia, na dakika kwenye muvi, ili mwalimu aweze kwenda kuangalia mwenyewe. Na hapo uliposema Mwas "amejianika", rudi uitazame sini bila sauti uone kamera imekaa upande gani, kwa wateja au kwake, kisha uandike ulichokiona.

mwanasanaa_mwaka2
Sawa kiongozi, naifungua sasa hivi bila sauti.