Mjadala: Sista anayepika nyumba ya mapadre alipwe, au malipo yanaua unyenyekevu?

Mwana Mbegani
Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Hoja hii imeanzia halmashauri ya walei ya parokia moja huku kwetu Bagamoyo na bado inafukuta. Masista wawili wanapika, wanafua na kupiga pasi nyumba ya mapadre, na sakristia, chumba cha vyombo na mavazi ya misa, iko mikononi mwao pia. Shirika lao linapewa mchele na mafuta ya kula, basi. Kuna wanaotaka parokia ililipe shirika kila mwezi kiasi ambacho angelipwa mpishi wa kuajiriwa. Wengine wanasema ukishaweka bei umeua kitu chenyewe, kwa sababu Kristo wa Wafilipi 2 alitwaa namna ya mtumwa bila kuuliza atapata nini. Mimi nasimama na hao wa pili. Mtawa ameweka nadhiri ya ufukara kwa hiari yake, hakuja kutafuta ajira, na jikoni ni shule ya kujishusha tangu enzi za Mtakatifu Benedikto, aliyewaandikia watawa Kanuni ya kuishi pamoja. Karibuni, ila tusitukanane.

Binti Ngamiani
Milele amina. Kaka, Benedikto umemsoma nusu. Kanuni yake sura ya 35 inaanza kwa kusema ndugu watumikiane, na asiachwe mtu jikoni isipokuwa mgonjwa au mwenye shughuli nzito ya nyumba. Ni zamu ya wiki. Jumamosi anayetoka zamu anafanya usafi, anafua taulo walizofutia mikono na miguu, kisha yeye na anayeingia wanawaosha wote miguu. Vyombo anavirudisha kwa mtunza ghala vikiwa safi na vizima, naye anavikabidhi kwa wa zamu mpya ili ijulikane kilichotoka na kilichorudi. Tena wahudumu wanapewa mkate na kinywaji juu ya mgao wao saa moja kabla ya chakula, ili wawahudumie wenzao bila kunung'unika. Kila kipengele hapo kinamlinda anayehudumu. Sasa nitajie paroko aliyewahi kushika zamu hiyo. Jiko ambalo mmoja anapika miaka 10 na mwingine anakula miaka 10, Benedikto hayumo.

Mwana Mbegani
Dada, mapadre umewaonea. Paroko anaamka kwa misa ya saa 12, anazunguka vigango kwa pikipiki, anarudi usiku na kuna mgonjwa anasubiri mpako. Utamwambia akasugue sufuria? Kujitoa kwake ni kwa namna nyingine. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walioingia hapa 1868 walijitoa mpaka kaburini, na makaburi yao yapo misioni, someni umri wa waliolala pale. Walikuwa wana wa Libermann, mwanzilishi wao wa pili, yule aliyewaandikia wenzao wa Dakar na Gabon mwaka 1847 wavue Ulaya na desturi zake, wawe kwa Waafrika kama watumishi mbele ya mabwana zao. Hakuna aliyeomba posho.

Mzee wa Dunda
Na minazi ya misioni ilipaliliwa na nani?

Mwana Mbegani
Mzee wangu, shikamoo. Swali hilo linahusiana vipi na mada?

Mzee wa Dunda
Marahaba. Linahusiana sana. Wewe umeleta 1868, nami nakuuliza habari za 1868. Watoto waliokombolewa soko la Zanzibar waliletwa Bagamoyo, wakasoma, wakafundishwa ufundi, na wakalima. Walipokua wakaozwa, wakawekwa Kijiji cha Uhuru, na sehemu ya wiki walifanya kazi ya misioni kabla ya kugusa mashamba yao wenyewe. Wapo waliotoroka. Waliovua Ulaya kwa hiari nawaheshimu, tena sana. Ila aliyekwisha kuwa mtumwa kwa bakora, ukimhubiria heri ya kutwaa namna ya mtumwa, unamwambia avue nguo ambayo hajawahi kuvishwa.

Kijana wa Misioni
Hapana mzee, hapo umeikosea haki historia, na nasema kwa uchungu. Watu wale walifika bila ukoo, bila shamba, bila mahali pa kurudi, maana nyumbani kwao kulikuwa mbali bara na njia nzima imejaa wanunuzi. Mkataba wa kufunga soko la Zanzibar ulikuja 1873, miaka mitano baada ya misioni kuanza. Misioni ingewalisha nini bila kulima? Nyumba, kiwanja, ndoa yenye kutambuliwa, mganga wa bure, hayo yote huyaoni, unaona minazi tu.

Mzee wa Dunda
Nayaona, mwanangu, na sijasema hawakulishwa. Nauliza nani alichagua. Padre Mfaransa alikuwa na kwao, akakuacha. Alikuwa na lugha, jina, ndugu, akaviweka chini kwa mkono wake, ndiyo maana tunamwita mnyenyekevu. Mtoto wa Kijiji cha Uhuru alipangiwa saa ya kuamka, kazi, mke na mahali pa kulala. Hata kama alipangiwa kwa huruma, usimhesabie kujishusha ambako hakukufanya. Na ndilo swali lako la jikoni hilohilo.

Kijana wa Misioni
Bado unawalinganisha wamisionari na wenye misafara ya watumwa. Sikubali.

Mzee wa Dunda
Nionyeshe nilipowalinganisha.

Msalabani Muheza
Nami Mwanglikana naomba nafasi, kwa sababu mnazunguka jambo ambalo Frank Weston alilichambua kabla babu zetu hawajazaliwa. Aliandika kitabu kuhusu Umwilisho, yaani Mwana wa Mungu kufanyika mtu, mwaka 1907, mwaka uliofuata akawa Askofu wa Zanzibar, na huku kwetu Magila kulikuwa chini yake. Wakati ule wanateolojia wa Ujerumani waliomfuata Thomasius walikuwa wakifundisha kwamba Mwana alipotwaa mwili aliziweka kando sifa kama uweza wote na ujuzi wote, akabaki na utakatifu, ukweli na upendo. Weston alikataa. Mungu hajigawi vipande, hiki akakiacha mbinguni na kile akaja nacho. Alisema Neno alibaki na vyote, ila akajiwekea mwenyewe sheria ya kujizuia, hivi kwamba kila hatua ya maisha yake duniani alitenda kwa kadiri ubinadamu wake ulivyoweza kubeba. Mtoto mchanga, kwa kadiri ya mtoto mchanga. Msalabani, kwa kadiri ya mtu anayekufa.

Hapo ndipo utawa unapopata kipimo chake. Nguvu ipo, na anayeizuia ni mwenye nguvu mwenyewe, kila siku upya. Mtu wa nje akikuzuia, hilo lina majina mengine. Na Weston aliliishi: vita vya kwanza, mwaka 1916, aliongoza wapagazi wa Zanzibar akitembea nao kwa miguu huku bara, na 1920 akaandika kwa ukali kupinga serikali ya Kiingereza kuwashurutisha Waafrika wa Afrika Mashariki kufanya kazi. Askofu aliyejishusha mwenyewe alikataa wengine washushwe kwa amri. Alifia hapa Hegongo 1924.

Kijana wa Misioni
Kumbe! Mapadre wetu wanahukumiwa kwa minazi, ila askofu wenu aliyevaa cheo cha meja akapeleka wapagazi kwenye vita ya Wazungu, huyo ni mfano? Wapagazi wangapi walikufa kwa kuhara na njaa kwenye kampeni ile?

Msalabani Muheza
Walikufa kwa maelfu mengi, pande zote mbili, na aibu hiyo ni ya waliopanga vita. Wapagazi wangechukuliwa tu, awepo Weston au asiwepo. Yeye alichofanya ni kwenda nao badala ya kuwaombea kutoka Zanzibar. Ukitaka kumlaumu, mlaumu kwa kupokea cheo, sitabisha. Ila hoja yake ya 1907 hujaigusa.

Kijana wa Misioni
Sikuja hapa kufundishwa Umwilisho na Waanglikana. Mtaguso wa Kalkedonia wa 451, uliosema Kristo ni Mungu kweli na mtu kweli, umetosha.

Msalabani Muheza
Weston aliandika akiilinda Kalkedonia hiyohiyo, ndugu yangu.

Mama wa Chumbageni
Wanangu, kurasa zinajaa na wale masista bado wako jikoni. Mimi nakumbuka Papa Fransisko mwaka 2018 alisema masista wasifanywe watumishi wa ndani. Basi si yameisha?

Binti Ngamiani
Shikamoo mama. Hapo mambo mawili yamechanganyika. Kauli ya Papa ni ya Mei 2016, alipokutana na wakuu wa mashirika ya kike kutoka duniani kote: aliwaambia utumishi ndiyo, utumwa hapana. Machi 2018 ni makala ya jarida la wanawake la gazeti la Vatikani, iliyoeleza habari za masista wanaopika na kufanya usafi kwa maaskofu na makardinali bila mkataba wala malipo ya maana. Yote mawili yanatusaidia, ila tuyataje sawasawa, maana wapo wanaosubiri tukosee mwaka ili watupe hoja nzima.

Mlezi Mstaafu
Nimewasoma wote. Mwana Mbegani, kabla hujaendelea na ufukara, jibu swali moja: hao wawili wote wana nadhiri?

Mwana Mbegani
Nimeuliza leo. Mmoja ana nadhiri za daima. Wa pili ni mnovisi, bado yuko kwenye malezi kabla ya nadhiri, na yuko pale tangu Kwaresima.

Mlezi Mstaafu
Basi mna tatizo kubwa kuliko posho. Kanuni ya 652 ya Sheria za Kanisa (si ile ya Benedikto) inasema muda wa unovisi utumike kwa malezi peke yake, na mnovisi asipewe masomo wala kazi zisizochangia malezi hayo moja kwa moja. Kanuni ya 648 inadai miezi 12 katika jumuiya ya unovisi. Katiba ya shirika inaweza kuruhusu kipindi cha utume nje, lakini kinaongezwa juu ya ile 12, na jumla isipite miaka miwili. Kanuni ya 649 ndiyo yenye meno: akiwa nje ya nyumba ya unovisi zaidi ya siku 15, azifidie. Zikipita miezi mitatu, mfululizo au kwa vipande, unovisi ni batili. Unovisi ukiwa batili, nadhiri zinazofuata nazo ni batili. Kwaresima mpaka leo ni miezi mingapi? Na kama ule ni utume wa nje, je, umeandikwa hivyo, na tarehe zipo? Kosa hili hutokea hivihivi: mpishi ameondoka ghafla, mama mkuu anaombwa "msaada wa wiki mbili", hakuna anayeandika tarehe, na msichana anayelipia gharama hana sauti ya kukataa kwa kuwa anaogopa ataitwa mwenye kiburi.

Kuhusu posho: kanuni ya 668 inasema chochote anachopata mtawa kwa kazi yake ni cha shirika. Kwa hiyo parokia ikilipa, ufukara wa sista haujaguswa hata kidogo. Hela inaingia mfuko wa shirika, inasomesha, inatibu wazee wao. Na kumbukeni 702: mtawa akiondoka, hana haki ya kudai chochote kwa kazi aliyofanya ndani, shirika linabaki na wajibu wa haki na mapendo tu. Shirika maskini litatoa mapendo hayo kutoka wapi ikiwa miaka 20 ya kazi ililipwa mchele?

Kijana wa Misioni
Sheria, sheria. Vitambaa vya altare je? Mpishi wa kuajiriwa atavifua?

Mlezi Mstaafu
Akifundishwa, ndiyo, ila hiyo ni kazi ya sakristia na haihusiani na soksi za mapadre. Korporale, kitambaa kinachotandikwa chini ya kalisi, na purifikatori, cha kufutia kalisi, vinaloweshwa kwanza peke yake kwenye maji safi ya baridi. Maji hayo yanamwagwa kwenye sinki la sakristia linaloingia ardhini moja kwa moja, au kwenye udongo mahali pasipokanyagwa. Ndipo vinafuliwa. Anayeanza na maji ya moto anaivisha doa la divai lisitoke, na anayekimbilia jiki anaoza uzi wa kitani. Kwa unyevu wa pwani, piga pasi kikiwa na umajimaji, kisha kiache kikauke kabisa kabla ya kabati, la sivyo kinaota vidoa vya ukungu. Korporale inakunjwa tatu kwa tatu kuelekea ndani, miraba 9, ili chembe za Ekaristi zisidondoke. Purifikatori mikunjo mitatu kwa urefu. Hiyo ni huduma ya altare, na wengi wanaifanya kwa furaha. Msiitumie kuficha sinki la vyombo.

Mwana Mbegani
Nakubali mnovisi arudi kwa mlezi wake wiki hii, na nitalipeleka hilo kwa katibu wa halmashauri. Lakini posho bado naikataa. Mkianza na jikoni mtaishia kuweka bei ya kufundisha katekisimu.

Mzee wa Dunda
Mwanangu, sista mwenye nadhiri za daima ameulizwa? Yeye mwenyewe, na mahali ambapo akisema "nimechoka" hatahamishwa kesho yake?

Mwana Mbegani
Sijui. Nadhani mama mkuu ameulizwa.

Binti Ngamiani
Hata Benedikto, sura ya 68, anamruhusu aliyepewa jambo lisilowezekana amweleze mkuu wake sababu, kwa subira na kwa wakati unaofaa. Anayesema "siwezi" hajapoteza unyenyekevu.

Mlezi Mstaafu
Kanuni ya 681 inadai mapatano ya maandishi kati ya askofu na mkuu wa shirika kwa kazi anazowakabidhi watawa: kazi yenyewe, watakaoifanya, na fedha. Mapatano ya parokia yenu yapitie kwa askofu, na yataje masista kwa idadi, saa za kuanza na kumaliza, siku ya mapumziko kila wiki, siku za mafungo ya mwaka, nani analipa matibabu na nauli, na kiasi cha kila mwezi kinachoingia akaunti ya shirika, kisiwekwe mkononi mwa mtu. Yawe na muda, miaka mitatu kwa mfano, kisha yapitiwe upya. Na kipengele cha zamu: chakula cha jioni cha Jumapili mapadre wajipikie.

Mwana Mbegani
Vyote nitavipeleka isipokuwa hicho cha mwisho.

Binti Ngamiani
Kaka, hicho ndicho pekee kati ya vyote kilichomo sura ya 35.

Kijana wa Misioni
Na mzee bado hajafuta kauli yake ya minazi.

Mzee wa Dunda
Wala sifuti.