Dada wa maktaba, bawasiri yangu ulitaka isikike mpaka stendi?

Wakuu, naandika nikiwa nimesimama, na kwa nini nimesimama mtaelewa hukohuko chini. Ndiyo kwanza natoka maktaba. Mnajua ipi. Na mnamjua nani, yule wa kaunta ya maulizo mwenye chupa ya chai.

Nimeenda na shida mbili, moja ya mwili, moja ya mfuko. Nikasubiri watu wapungue. Nikainama mpaka pua ikagusa kaunta, nikanong'ona: "Dada samahani, mna kitabu chochote cha bawasiri?"

Hakugeuza hata shingo. Akapaza sauti kuelekea rafu za nyuma: "WE MWENZANGU! HUYU KAKA ANA BAWASIRI, TUNACHO?"

ANA. Hata "anaulizia" imemshinda. ANA!

Ukumbi umejaa watoto wa Form Four wanajisomea. Juu ya kichwa chake kuna bango: KIMYA TAFADHALI. Mimi mwezi uliopita nilitolewa mle kwa kutafuna karanga! Kuna mzee alikuwa amesinzia juu ya gazeti la wiki iliyopita, akaamka, akanitazama usoni, halafu akainama kidogo akanitazama nyuma.

Na yule mwenzake kutoka kwenye rafu akajibu: "YA NDANI AU YA NJE?"

Nikajikaza kiume. Nikatoa mkataba wangu wa mkopo, maana nilichukua laki tatu kwa wale wa kausha damu na riba yao siielewi. Nikamwomba anionyeshe tu pa kusoma. Jibu, kwa sauti ileile: "Kaka, hapa maktaba, siyo benki wala hospitali." Kwa hiyo sasa mkoa mzima unajua nina bawasiri NA nadaiwa.

Sikumwomba anipime. Sikumwomba anilipie deni. Hivi hawa watu wanasomeshwa nini? Ana bawasiri. ANA!

Kichwa Panzi:
Siti ya mbele. Uzi bila picha haunogi, ila huu mkuu acha tu, tumekuamini.

Shangazi wa Uswazi:
Pole mwanangu, nimecheka mpaka uji umenipalia. Ila swali hujajibu. Ya ndani au ya nje?

Mleta mada:
Nilijua tu. Mtu analeta machungu yake mnamfanya kichekesho.

Mkutubi Mstaafu:
Nimesoma ukutubi Bagamoyo, ngoja niseme. Msomaji unamuuliza taratibu mpaka ujue anachotaka, na akishakitaja, ni siri yake na wewe. Hakuna anayetaka tuwe madaktari. Kwa namba za rafu, tiba inakaa 610, magonjwa 616, mambo ya fedha 332. Unampeleka, unamwachia kiti, unaondoka. Rafu ikiwa tupu, na mara nyingi ni tupu, unamfungulia MedlinePlus, tovuti ya mambo ya afya. Inatunzwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani na ina kurasa za Kiswahili, bure. Au unampa namba 199 ya Wizara ya Afya, hailipiwi. Kuhusu mkopo, Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu na majukwaa 69 yanayokopesha mtandaoni bila leseni. Orodha hiyo ni ya kuchapa na kubandika pale ukutani, basi. Lakini nani atamfundisha huyo dada? Mimi kazini kote niliitwa semina moja tu, ya kuzima moto. Posho ilikuwa nzuri.

Kichwa Panzi:
Mstaafu umeandika waraka. Kwa hiyo bawasiri ni 616? Kesho naibetia.

Mama Ntilie Digital:
Kwanza kijana, kabla ya 616, punguza pilipili na kunywa maji. Halafu mle maktaba umefuata nini wakati simu unayo?

Mleta mada:
Mama, kwenye simu nilitafuta. Wa kwanza aliniambia nipake aloe vera, wa pili anauza dawa yake elfu themanini, wa tatu akasema nimerogwa.

Binti Sayuni:
Wewe una bahati, kwenu ni maktaba. Mimi duka la dawa, foleni inafika barabarani, kijana wa kaunta anaita: "Wa fangasi za siri, dawa yako tayari!" Na nilikuwa na mchumba. Alikuwa.

Dereva Mstaafu wa Lori:
Hamjakutana na wakala wa kwetu nyie. Unamnong'oneza, yeye anatangaza: "Milioni na nusu yote unatoa sasa hivi?" Vijana wamejaa kijiweni wanasikiliza. Nilirudi nyumbani kwa njia za panya, milioni nimeificha kwenye soksi.

Kichwa Panzi:
Kwenye soksi zako hizo, mwizi angekurudishia mwenyewe.

Binti Sayuni:
Tena mawakala msiwaguse leo. Makato ya kutoa yamekuwa mzigo, na ukienda anakwambia hana floti.

Dereva Mstaafu wa Lori:
Floti anayo, anawawekea wateja wake. Wa kwetu mpaka umsalimie kwa jina la mwanawe.

Mleta mada:
Jamani tumetoka kwenye mada. Alisema ANA. Mbele ya watoto!

Shangazi wa Uswazi:
Mleta mada, vuta kiti ukae utulie, watu wanajadili makato hapa.